Saa Tisa na Dakika Kumi na Moja

Nililipwa kutafuta mwizi.
Chama cha ushirika, Tabora, mtaa wa Cheyo,
ofisi inayonuka tumbaku na wino,
feni ikizunguka kama inadaiwa.
Meneja Misigalo akanipa kiti, akanipa chai:
"Pesa hazijapotea, mshauri.
Ila kuna mtu anaingia usiku."

Nikafungua daftari la seva.
Seva haisahau, wala haisengenyi;
huandika tu nani, na lini.
K. Lubasha. Saa tisa na dakika kumi na moja.
Kesho yake, saa tisa na dakika kumi na moja.
Siku kumi na tisa mfululizo, hata Jumapili, hata Idi,
anafungua malipo ya wakulima wa Sikonge,
anasoma mpaka mwisho,
anafunga.
Hagusi hata nukta.

Wezi nawajua. Miaka kumi na minne kazini:
nimemkamata mhasibu aliyejilipa mishahara ya marehemu,
na kijana wa Isevya aliyebahatisha nywila ya bosi wake
kwa kulitaja jina la mbwa.
Mwizi ana haraka.
Huyu alikuwa anahesabu.

Nilimjua kabla sijamwona.
Mwaka ule, Dodoma, niliachiwa mifumo ya hospitali tatu
na simu moja isiyozimwa.
Nililala na viatu.
Nilirudi mara nne kutazama kama nimefunga mlango,
wa nyumba, au wa seva,
sikuweza tena kuitofautisha.
Siku moja nikalia benki, kwenye foleni,
mashine iliponiambia namba ya siri si sahihi.
Watu wakanipa pole ya msiba.
Mama akasema nimerogwa. Bosi akasema nimechoka.
Daktari, mwanamke mfupi mwenye kalamu ya kijani,
ndiye pekee aliyeuliza: "Umelala lini?"

Kalunde Lubasha ana miaka ishirini na sita.
Alikuja na funguo za droo mkononi, tayari kuzikabidhi.
Msimu uliopita alisahau sifuri moja,
mkulima akalipwa laki badala ya milioni.
Ilirekebishwa kabla ya Ijumaa. Hakuna aliyemgombeza.
"Lakini treni ipige honi isipige, naamka,
naiona ile sifuri.
Inakaa kwenye dari."

Nikaandika ripoti, kurasa thelathini na mbili.
Hatari ya kwanza: nywila moja, watu watano.
Hatari ya pili: chumba cha seva kinafungwa kwa waya.
Nikaruka kwa macho mpaka ya tisa, niliyoiandika mwisho:
watumishi hawalali.
Aliyechoka hubonyeza chochote ili siku iishe,
akikosea huficha,
na mdukuzi hahitaji zaidi ya hapo.

Meneja akaichora mstari kwa penseli.
"Hii si kompyuta. Hii mpelekee mchungaji."
Nikamwambia ngome niliyomjengea ina lango moja
nisiloweza kulitia kufuli,
na leo asubuhi lango hilo lilimsalimia getini
naye akaitikia bila kuinua kichwa.
Chai yake ikaota utando.
Hakufuta mstari. Lakini alisaini likizo ya Kalunde,
na barua ya kwenda Kitete, kwa daktari.

Siku hizi, Nzega, Urambo, popote ninapoitwa,
kabla sijataja nywila nauliza: nani hapa amelala?
Wanacheka.
Kisha mmoja, nyuma, anaacha kucheka.

Kalunde alirudi kazini mwezi wa sita.
Usiku wa kwanza daftari likawa jeupe. Wa pili, jeupe.
Wa nne akaingia, dakika mbili tu, akatoka.
Sikumwambia meneja. Nilimpigia asubuhi,
tukaongea habari za asali na bei ya mchele.

Kitu kimoja sikumwambia.
Chini ya jina lake, saa tisa na dakika kumi na nne,
seva, isiyosahau, isiyosengenya,
imeandika jina langu.